Kumtafuta baba wa babu aliyelima Kilema: anza na mtoto, fuata kihamba

Swali limetoka kwa dada mmoja anayeishi Morogoro. Nimelifupisha kidogo: “Shikamoo mzee. Baba yangu ni mtu wa Kilema, Kilimanjaro. Babu alizaliwa mwaka 1924, akafariki mimi nikiwa mdogo. Kuhusu baba yake tumebaki na mambo matatu tu: kwamba alibatizwa Aloisi na mapadre wa Kilema wakati wa Mjerumani, kwamba ndiye wa kwanza kupanda kahawa katika ukoo, na kwamba shamba lake la chini lilichukuliwa na mzungu. Nataka kujua alizaliwa lini, wazazi wake ni akina nani na ardhi yake ilikuwa ipi. Nianzie parokiani au ofisi ya ardhi? Na hati ya shamba lake naweza kuipata?”

Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalowapotezea watu nauli. Hati ya kihamba cha mzee wako, yaani shamba la migomba la ukoo, hutaipata, kwa sababu haikuwahi kuandikwa. Amri ya Kaiza ya Novemba 1895 ilitangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola, na madaftari ya ardhi yaliyofunguliwa baada ya hapo yaliandika walowezi, makampuni na misheni. Mchaga mwenye migomba yake hakuwamo. Waingereza nao, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, waliiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya Gavana, na mwaka 1928 wakaongeza kifungu kinachomtambua mwenyeji anayekaa kwenye ardhi yake kimila. Alitambuliwa, ila hakupewa karatasi. Kihamba kililindwa na masale, mimea inayopandwa mpakani, na kumbukumbu ya ukoo, na neno la mchili, mkuu wa mtaa, na la Mangi, yaani chifu. Kwa hiyo anayekwenda ofisi ya ardhi kuulizia hati ya mwaka 1915 anajibiwa “hakuna”, anarudi nyumbani akiamini kumbukumbu zilichomwa. Hazikuchomwa. Ardhi ya mzee wako iliacha alama sehemu nyingine, nitazifikia.

Anzia parokiani. Ila usianze kwa kumtafuta Aloisi.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na mimi nilikosea kabla yao. Miaka ya mwanzo ya kazi hii nilimfuatilia mtu mmoja kwa karibu miezi minne, jina lake, la baba yake na la kijiji vikilingana kabisa na alivyosema mteja wangu. Nikamchorea mti wa ukoo mzuri sana. Siku ya kuukabidhi bibi mmoja akauliza, “Mama yake huyu ni nani?” Nilipomtajia akacheka: huyo alikuwa mtu wa ng’ambo ya mto, wa ukoo mwingine. Tangu siku hiyo sikubali mtu yeyote kitabuni mpaka nimpate mama.

Akina Aloisi walikuwa wengi mno. Misheni ya Kilema ilifunguliwa mwaka 1890 na Mapadre wa Roho Mtakatifu waliotoka pwani, Bagamoyo, na watu wazima walibatizwa kwa makundi kwenye sikukuu kubwa, baada ya muda mrefu wa mafundisho. Majina ya watakatifu waliopendwa na mapadre hayakuwa mengi, hivyo yakarudiwarudiwa. Isitoshe, habari za mtu mzima aliyebatizwa ni chache: jina jipya, pengine jina la nyumbani, umri wa kukisia, majina ya wazazi kama yaliulizwa. Unapokuta neno la Kilatini *circiter* mbele ya miaka, maana yake ni “yapata”: padre alimtazama mtu usoni akakisia. Aliyeandikwa yapata miaka 20 anaweza kuwa na 17 au 26. Ukitaka kuupunguza wigo huo, waulize wazee rika lake lilikuwa lipi, na kama alitahiriwa kabla au baada ya Wajerumani kumnyonga Mangi Meli pale Moshi, Machi 1900. Rika halina tarehe, lakini linakaa kati ya matukio yenye tarehe.

Kwa hiyo anza na babu yako. Omba ukurasa wa ubatizo wake wa mwaka 1924, na wa 1925 kwa tahadhari. Mtoto mchanga wa Wakristo aliandikwa vizuri kuliko mtu mzima: siku ya kuzaliwa, siku ya kubatizwa, baba, mama, mtaa, msimamizi. Na kuna kitu kidogo ambacho wengi hawakioni. Mara nyingi kando ya majina ya wazazi padre aliandika namba zao za ubatizo. Kama mmewahi kushika cheti cha Kikatoliki cha nyumbani mtakumbuka herufi LB na namba mbele yake: hizo ni *Liber Baptizatorum*, kitabu cha waliobatizwa. Namba ya LB ya Aloisi kwenye ukurasa wa mwanawe inakupeleka moja kwa moja kwenye mstari wake mwenyewe, ukiwapita akina Aloisi wengine wote bila kuwagusa. Namba isipokuwapo, tafuta watoto wengine wa wazazi walewale, mmoja baada ya mwingine. Mwandishi mvivu wa mwaka 1924 anaweza kuwa alifuatwa na mwandishi makini wa mwaka 1927.

Ukishaufikia mstari wa Aloisi, usiishie katikati ya ukurasa, soma pembeni. Kuanzia Pasaka ya mwaka 1908 Kanisa liliagiza ndoa ya mtu iandikwe pia kwenye kitabu alichobatiziwa, hata kama aliolea parokia nyingine. Kwa hiyo pambizo inaweza kukuambia alimuoa nani, lini, na wapi. Kitabu cha ndoa nacho ni utajiri. Ukiona neno *dispensatio*, tulia hapo: maharusi walihitaji ruhusa ya pekee, labda kwa sababu ya udugu, na padre alilazimika kueleza udugu huo ni wa kiwango gani. Nimewahi kuunganisha koo mbili kwa mstari mmoja wa namna hiyo.

Maneno ya Kilatini yasikutishe, ni yaleyale kila ukurasa. *Filius* ni mwana wa kiume, *filia* wa kike. *Patrinus* na *matrina* ni wasimamizi. *Paganorum* baada ya majina ya wazazi maana yake hawakuwa wamebatizwa. *In articulo mortis* maana yake alibatizwa akiwa anakaribia kufa. Mtego mkubwa uko kwenye miezi: 7bris siyo Julai. Ni Septemba, maana *septem* ni saba, na 8bris ni Oktoba, 9bris Novemba, Xbris Desemba. Nimeona mti wa ukoo ambamo mtoto aliyezaliwa Agosti “alizaliwa” mwezi mmoja baada ya kubatizwa, kwa sababu mtu alisoma 7bris ya ubatizo akaandika Julai.

Majina ya Kichaga nayo yaliandikwa kwa sikio la mgeni. Mapadre wa Kilema waliandika kwa mazoea ya Kifaransa, kwa hiyo sauti ya “u” inaweza kuwa “ou” na ya “sh” ikawa “ch”. Karatasi za serikali ziliandikwa Kijerumani: Moshi ikawa Moschi, Machame ikawa Madschame, Wachaga wakawa Dschagga. Tamka jina la ukoo wenu kwa sauti, kisha uliandike kwa namna tano tofauti kabla hujaondoka nyumbani. Halafu ujue kwamba huenda lisiwepo kabisa. Katika kurasa za zamani jina linalofuata la ubatizo mara nyingi ni jina lake mwenyewe la nyumbani au la baba yake. Jina la ukoo kama “surname” ya shuleni lilizoeleka baadaye.

Kuhusu wasimamizi nina onyo. Watu husoma jina la msimamizi wakadhani wamepata mjomba. Kwa mtoto wa mwaka 1924 inawezekana. Kwa mtu mzima wa wakati wa Mjerumani, msimamizi mara nyingi alikuwa katekista au Mkristo wa zamani aliyekuwa karibu siku hiyo. Utakuta mtu mmoja kasimamia watu thelathini. Hesabu kwanza anajitokeza mara ngapi.

Sasa jambo ambalo familia nyingi hazipendi kulisikia. Mwanamume mwenye wake wawili au watatu hakubatizwa mpaka abaki na mmoja, au mpaka afike kitandani pa mauti. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba Aloisi alikuwa na watoto ambao vitabu vya Kilema havina habari nao, waliozaliwa na mke aliyeachwa siku ya ubatizo. Inawezekana pia baba yake Aloisi anaonekana kitabuni miaka ishirini baada ya mwanawe, kabatizwa *in articulo mortis* kwa jina ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwita. Usisahau kumtafuta huko. Na ukikuta shangazi asiyejulikana na kihamba chake upande wa pili wa mfereji, uliza kwa upole. Wazee wanajua, wanasubiri tu aulize mtu mwenye adabu.

Mila ya majina itakusaidia kuziba mapengo. Kwa Wachaga mtoto wa kiume wa kwanza huchukua jina la baba wa baba, wa pili huchukua la baba wa mama. Majina ya nyumbani, siyo ya ubatizo. Kama kaka mkubwa wa babu yako alikuwa na jina la Kichaga, una sababu nzuri ya kudhani kwamba ndilo jina la baba yake Aloisi, na la ndugu wa pili ni la mkwe wake. Dhani tu, halafu uthibitishe. Jina linaruka kizazi kimoja na kurudi, na hapohapo ndipo watu wanapomchanganya babu na mjukuu.

Na kitabu kikiwa kimeliwa na mchwa? Sheria ya Kanisa iliyoanza kutumika mwaka 1918 ilimtaka paroko apeleke nakala ya vitabu vyake kwa askofu kila mwisho wa mwaka. Si kila paroko alitii, lakini inafaa kuuliza jimboni Moshi, ambako vikariati ya Kilimanjaro, yaani eneo la kimisheni kabla halijawa jimbo, ilianza mwaka 1910. Kabla ya hapo Kilema ilikuwa chini ya Bagamoyo. Shirika la Roho Mtakatifu linatunza nyaraka zake Chevilly-Larue, karibu na Paris, zikiwemo barua na taarifa za misheni. Nyumba za shirika ziliandika pia shajara: mvua, wageni, ugomvi, nani kafa, nani kaomba kufundishwa. Mkulima wa kawaida hatajwi mara nyingi, lakini siku anapotajwa unapata sentensi nzima badala ya mstari wa jedwali.

Neno moja kuhusu Walutheri, maana Kilema na Marangu zinapakana na ndugu waligawanyika. Misheni ya Leipzig ilifika Machame mwaka 1893 na Mamba mwaka 1894. Nyaraka zake za Ujerumani sasa ziko Halle. Vitabu vyao vya sharika vinaweza kuwa na mwandiko wa kale wa Kijerumani ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kujifunza. Huko utakuta pia majina ya ubatizo ya Kichaga kama Aikaruwa, lenye shukrani kwa Ruwa, Mungu kwa Kichaga, ndani yake. Ukikuta jina la namna hiyo kwa ndugu wa Aloisi, umejua ukatafute kanisa lipi.

Turudi kwenye ardhi. Ukishakuwa na jina kamili, mke, mtaa na miaka ya kukisia, ndipo ardhi inaanza kusema. Bila hivyo utakuwa unapekua majalada kama mtu anayetafuta mbuzi sokoni bila kujua rangi yake.

Kwanza nenda kwenye kihamba chenyewe. Wachaga huzika kihambani, na nyumba ya baba kwa kawaida hubaki kwa kitinda mimba. Kwa hiyo usimuulize mtoto wa mkubwa, muulize anayekaa leo kwenye mji wa yule wa mwisho. Tembea naye mipaka. Uliza kila upande wa masale: huyu jirani ni nani, ukoo gani, nani alimpa? Uliza mfongo, yaani mfereji, unaomwagilia hapo unaitwaje na ulichimbwa na nani, kwa kuwa mifongo mingi ina ukoo wake na majina yake hudumu. Andika majina ya majirani wote wanne. Utayakuta tena kwenye kesi, kama mashahidi.

Kesi ndiyo hazina ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo watu hawaifikirii. Kuanzia miaka ya 1920 Waingereza walitawala kupitia Wamangi, na mabaraza yao yaliandika mashauri. Watu waligombana kuhusu nini? Masale yaliyosogezwa, kihamba cha mjane, mfongo uliogeuzwa, shamba lililoazimwa likasahaulika kwamba liliazimwa. Shahidi anaanza kwa kusema: “Kihamba hiki alipewa baba yangu na Mangi fulani, jirani yake akiwa fulani.” Hapo una vizazi viwili na mpaka katika sentensi moja. Uchifu ulipofutwa mwaka 1963 mashauri ya mabaraza yalihamia mahakama za mwanzo, na madaftari ya zamani yakasambaa: mengine mahakamani, mengine wilayani, mengine Nyaraka za Taifa. Kuyapata ni kazi ya kubisha hodi. Ukiambiwa hayapo, uliza stoo iko wapi.

Kahawa ni rahisi zaidi. Mapadre wa Kilema walipanda kahawa mwishoni mwa karne ya 19, na kila ukoo pale mlimani una mzee aliyekuwa “wa kwanza kupanda”. Kama wote ni wakweli basi mlima ulijaa mibuni siku moja. Lakini dai lenu linaweza kupimwa. Wenyeji wengi waliingia kwenye kahawa miaka ya 1920, na mwaka 1925 kikaundwa chama cha wakulima wenyeji, KNPA (Kilimanjaro Native Planters’ Association), Joseph Merinyo akiwa kiongozi wake. Mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU (Kilimanjaro Native Co-operative Union), kikiwa na vyama vya msingi katika kila eneo. Wakulima waliandikishwa, mibuni ikahesabiwa. Mzee mwenye mibuni mingi iliyokwisha kuzaa katika hesabu za mwanzo alianza mapema kweli. Mwenye miche michache hakuwa wa kwanza, mniwie radhi. Ushirika ulivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa miaka ya 1980, na katikati hapo madaftari mengi ya vyama vya msingi yaliishia majumbani kwa makatibu wa zamani. Muulize mtoto wa katibu.

Kuhusu shamba lililochukuliwa na mzungu, geuza swali. Usimtafute Aloisi kwenye majalada ya ardhi, mtafute huyo mzungu. Yeye ndiye mwenye hati, ramani na barua. Wajerumani kabla ya kumpa mlowezi ardhi walituma kamati ya ardhi kuamua kipi ni cha wenyeji na kipi “hakina mwenyewe”, na maagizo ya mwaka 1896 yalitaka wenyeji waachiwe mara nne ya eneo walilokuwa wanalima. Yalifuatwa kwa kiasi gani ni habari nyingine, lakini kamati ziliacha taarifa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mashamba ya Wajerumani yalitwaliwa kama mali ya adui na kuuzwa, na mauzo nayo yana majalada. Kwa hiyo uliza wazee: shamba lile liliitwaje, mwenyewe wa kwanza aliitwaje, wa pili je? Hata jina lililopindishwa na midomo ya vibarua linatosha kuanzia.

Majalada hayo yako Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, mtaa wa Vijibweni. Yapo ya Kijerumani na ya Kiingereza, pamoja na kitabu cha wilaya ya Moshi chenye habari za Wamangi na mila za ardhi. Wasiliana nao kabla ya kusafiri uulize masharti ya kusoma. Majalada ya wizara ya makoloni ya Ujerumani yako Berlin na mengi yanasomeka kwenye intaneti bila malipo, ila huko utakuta sera na walowezi, siyo Aloisi. Nisingeanzia huko.

Mwisho, utaratibu. Usiende parokiani Desemba. Mlima wote umerudi nyumbani, harusi juu ya harusi, na katibu wa parokia ana foleni ya watu wanaotaka vyeti leo hii. Desemba kaa na wazee, wote wapo, mbege, pombe ya ndizi, ipo, wanasahihishana wenyewe kwa wenyewe. Parokiani nenda Februari, siku ya kazi, ukiwa umemwandikia paroko barua kwanza: jina la babu, mwaka 1924, wazazi, mtaa, na sababu yako. Omba kusomewa au kupewa dondoo. Vitabu vile vina siri za watu na paroko ana haki ya kukukataza kuvishika au kuvipiga picha. Na kabla ya yote, fungua sanduku la bibi yako. Vyeti vya zamani, stakabadhi za kodi ya kichwa, kadi ya chama cha msingi: stakabadhi moja ya kodi ina jina, mwaka, na mara nyingine eneo la Mangi.

Ukiupata ukurasa wa 1924, niandikie namba iliyo kando ya jina la baba, na jina la mama kama lilivyoandikwa, hata kama linaonekana limekosewa.